Sungura Mwenye Mwavuli

Uongo wa kwanza ulifutwa kabla chai haijapoa. Mwandishi alikuwa ameingia kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea na ambayo yeyote anaweza kuihariri, akaandika kwamba twiga hulala chali. Akanyanyua kikombe, akapiga funda moja, akafungua ukurasa tena. Twiga alikuwa amerudi kwenye hali yake, na chini yake kulikuwa na ujumbe wa mtu anayejiita Kalamu Kavu: "Ndugu mgeni, karibu sana, lakini hapa hatuchezi."

Akaongeza kimo cha mlima mmoja mkubwa. Mlima ukashushwa mchana uleule. Akamfanya golikipa mmoja wa zamani afunge mabao matatu katika mechi moja. Shabiki fulani, ambaye bila shaka hana shughuli nyingine duniani, akayafuta yote matatu na kuuliza kama aliyeandika amelewa.

Hakuwa amelewa, wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu ilikuwa imemwingia miguuni: akikaa, anainuka, akisimama, anatafuta pa kukaa. Gazetini walikuwa wanapunguza watu. Meza ya jirani yake ilikuwa tupu, imebaki kalenda tu ambayo hakuna aliyejisumbua kuigeuza. Wazo la kuijaribu kamusi elezo lilitoka kwa mhariri wake, ambaye chumba kizima cha habari kilimwita Bosi Mkasi kwa jinsi alivyokata maneno ya watu. Chomeka uongo, alisema, tazama utakaa muda gani, kisha tuwaonyeshe wasomaji kwamba kitu cha bure hakina mwenyewe. "Ila fanyia nyumbani, hapa ofisini watatujua. Na usimuumize mtu. Nataka uongo mtamu, unanielewa?"

Sasa Bosi Mkasi alisikiliza habari za twiga na mlima na golikipa huku anapekua karatasi nyingine.

"Kwa hiyo umeweka, wakafuta."

"Wanafuta haraka sana, bosi. Wako macho."

"Niandike hivyo? 'Wanaojitolea wafanya kazi yao vizuri'?" Bosi alivua miwani. "Nani atanunua gazeti hilo, wewe? Niletee uongo uliokaa. Kama huna, nitampa mwingine."

Hakukuwa na haja ya kumtaja huyo mwingine. Wote walikuwa wanaitazama ile meza tupu.

Mwandishi akarudi nyumbani anawaza. Alihitaji ukurasa usiotembelewa na watu wengi, lakini ambao yeye anaujua vya kutosha asikosee kukosea. Na ukurasa wa namna hiyo alikuwa nao, kwa sababu habari zake alizisikia mezani kila jioni apende asipende. Ulikuwa ukurasa wa kiwanda cha zamani cha viberiti, na aliyeuandika, mstari kwa mstari, alikuwa mama yake mzazi.

Mama yake alikuwa mkunga mstaafu. Alipofiwa na mumewe alihamia kwa mwanawe, akakuta nyumba ambayo mchana kutwa haina mtu: mwana yuko gazetini, mkwe yuko kwenye duka la miwani, mjukuu yuko shule. Wakampa kompyuta ya zamani wakidhani atatazama picha za ndugu. Badala yake akajiandikisha kwenye kamusi elezo kwa jina la Mkunga Mstaafu, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akilalamika kwamba siku ni ndefu. Alisahihisha, alifundisha wageni, aligombana kwa adabu. Sheria yao aliishika kama alivyoshika sheria za wodini: huandiki neno bila kuonyesha chanzo chake.

Kile kiwanda alikijua kwa sababu nusu ya wanawake waliofanya kazi pale walijifungulia mikononi mwake. Kwenye kila kiberiti kulikuwa na picha ya sungura aliyesimama wima, ameshika mwavuli, kuonyesha kwamba njiti hazishiki unyevu. Mwandishi aliketi kitandani, kompyuta mapajani, akaongeza sentensi mbili. Aliandika kwamba yule sungura alichorwa na binti mdogo wa mfanyakazi mmoja, nyuma ya bahasha ya mshahara wa mama yake, na kwamba meneja alipoiona akacheka, akaichukua.

Ulikuwa uongo mtamu kweli. Hata yeye aliusoma mara mbili. Akajiambia kwamba mama akiuona ataufuta, na akiufuta basi, hakuna kilichoharibika. Hapo alijidanganya kwanza kabla hajamdanganya mtu mwingine.

Mama hakuufuta.

"Leo nimepata jambo," alisema jioni wakila, uso umechangamka. "Kuna mgeni kaingia kwenye kiwanda changu. Anasema yule sungura alichorwa na mtoto."

"Mtoto gani, bibi?" aliuliza mjukuu wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Kipusa.

"Mtoto kama wewe. Na mimi siku zote nilikuwa najiuliza. Yule sungura miguu yake imepinda, sikio moja refu kuliko jingine. Mtu mzima hachori vile." Akageuka kwa mwanawe. "Lakini hakuweka chanzo. Kalamu Kavu anataka kuufuta, ananiuliza mimi mwenye ukurasa nina maoni gani. Nikamwambia subiri kwanza. Nyie si mna magazeti ya zamani pale ofisini? Hebu niangalizie, mwanangu. Jambo kama hilo lazima waliliandika."

Mwandishi alikuwa ameinamia sahani. Alikuwa na nafasi ya kusema, na nafasi yenyewe ilikuwa pana, maana mama alikuwa anatafuna na hakuwa na haraka. Akilini akamwona Bosi Mkasi anavua miwani.

"Nakumbuka kuliona," alisema.

"Wewe?"

"Wiki ile tulipokuwa tunapanga makabati. Lipo, mama. Ni gazeti letu wenyewe."

"La lini?"

Akataja mwaka ambao ulionekana kufaa, kisha mwezi, kisha tarehe, akazitaja kwa utulivu wa mtu anayesoma ukutani. Mama aliinuka hapohapo, mkono mmoja bado una chakula, akaenda kuandika kabla hajasahau.

"Kula kwanza, mama," mkwe wake alimwambia.

"Nitakula. Hawa watu wakikuuliza kitu, usiwakalishe."

Mkewe mwandishi alikuwa amemtazama mumewe alipokuwa anaitaja ile tarehe. Kazi yake dukani ilikuwa kuwavisha watu miwani na kuwatazama usoni wanaposema wanaona vizuri, na kwa hiyo alishazoea kutoamini kila anachoambiwa. Walipokuwa wanaosha vyombo alimkabidhi mumewe sahani, halafu akaishikilia isitoke mkononi mwake.

"Baba Kipusa. Umeliona hilo gazeti?"

Akamweleza. Alimweleza kwa sauti ya chini na kwa mpangilio mzuri, kama anavyoeleza ofisini, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia ana haki.

"Kamwambie," mkewe alisema. "Sasa hivi, sahani hii haijakauka."

"Nikimwambia ataufuta."

"Si ndiyo maana yake?"

"Mama Kipusa, huyu bosi hatanii. Niache mpaka ripoti itoke. Nikishaitoa nitamwambia mwenyewe, atacheka. Unamjua mama, anapenda mzaha."

"Namjua. Wewe ndiye sijui kama unamjua." Lakini aliachia sahani, na neno hilo hakulirudia, na baadaye alijilaumu sana kwa kuliachia pamoja na sahani.

Tangu siku hiyo mwandishi hakukaa vizuri popote. Ofisini aliufungua ukurasa wa kiwanda kila alipopata upenyo, akitumaini kwa moyo mmoja kwamba umefutwa na kwa moyo mwingine kwamba bado upo. Ulikuwepo. Chini yake sasa kulikuwa na chanzo, kimeandikwa kwa utaratibu wote, jina la gazeti na tarehe, na baada yake jina la Mkunga Mstaafu. Kalamu Kavu alikuwa ameandika: "Kama Mkunga Mstaafu amethibitisha, mimi nimeridhika."

Ripoti ikaandikwa. Bosi Mkasi aliisoma amesimama, jambo ambalo alilifanya pale tu alipopenda kitu.

"Huyu sungura ndiye habari," alisema. "Twiga mtupe chini huko. Sasa niambie, huyu sungura amesalimikaje wakati wenzake wote wamekamatwa?"

"Kuna mhariri mmoja wa kujitolea aliweka chanzo."

"Chanzo kipi, na wewe umetunga mwenyewe?"

"Alitaja gazeti letu. Toleo la zamani."

"Lipo?"

"Halipo."

"Basi kakitoa wapi?"

Mwandishi aliitazama ile kalenda kwenye meza ya jirani. Angeweza kusema. Badala yake aliinua mabega, kidogo tu, na Bosi Mkasi akalisoma lile bega anavyotaka yeye.

"Amebuni," alisema Bosi huku anaandika. "Safi sana. 'Mmoja wa wahariri wake wanaoheshimika alifikia hatua ya kubuni chanzo ili kuulinda uongo.' Hii ndiyo inaingia juu kabisa."

Na iliingia juu kabisa.

Mama aliipokea ripoti asubuhi pamoja na chai, kama alivyopokea kila kitu kilichoandikwa na mwanawe. Ilikuwa siku ya mapumziko na wote walikuwa nyumbani. Mwandishi alikuwa amepanga kumwambia kabla hajalisoma gazeti. Aliamka mapema kwa ajili hiyo, akaoga, akapiga pasi shati ambalo hakuwa na haja nalo, na alipotoka chumbani mama alikuwa ameshavaa miwani.

Alisoma taratibu. Alipofika kwenye ile sentensi ya kubuni chanzo alirudi nyuma akaanza upya, akasoma mpaka mwisho, akageuza ukurasa ambako ripoti iliendelea, akamaliza na huko. Kisha akalikunja gazeti.

"Kwa hiyo sungura hakuchorwa na mtoto."

"Hapana, mama."

"Ni wewe uliyeandika."

"Ni mimi. Ilikuwa kazi, mama. Nilikuwa nataka kukwambia."

"Na mimi ndiye nimebuni chanzo."

"Hilo neno si langu. Ni la mhariri."

"Mhariri wako ananijua?"

"Hakujui."

"Basi wewe unayenijua ulimwambia nini?"

Kipusa alikuwa anapaka mkate siagi, akaacha. Mwandishi alifungua mdomo, akaeleza habari za watu wanaopunguzwa, habari za meza tupu, habari za tarehe ya mwisho. Yote yalikuwa kweli. Mama aliyasikiliza mpaka mwisho kama alivyokuwa akiwasikiliza wanaume waliochelewa kuwaleta wake zao hospitali.

"Ungeniambia una shida kazini ningekusaidia kutunga huo uongo," alisema. "Ningekuwa natunga nikijua natunga." Akabeba kikombe chake, akaenda chumbani, akafunga mlango. Hakuubamiza.

Walioko kwenye kamusi elezo nao husoma magazeti. Kabla ya mchana Kalamu Kavu alikuwa amechunguza ile tarehe, akakuta iliangukia Jumapili, na miaka ile gazeti halikutoka Jumapili. Mwenzake mmoja aliyepewa mamlaka ya kuangalia namba za mtandao, zile zinazoonyesha mtu ameandikia wapi, akakuta kitu kibaya zaidi: aliyemlaza twiga chali, aliyeunyanyua mlima, aliyemtuma golikipa mbele na aliyeandika habari za sungura, wote waliandikia nyumba moja na Mkunga Mstaafu.

Wakafungua kesi kwenye ukurasa wa majadiliano, hadharani, kila anayetaka asome. Waliandika kwa heshima, na heshima ndiyo iliyouma. "Dada yetu Mkunga Mstaafu, wengi wetu wewe ndiye uliyetufundisha kutaja vyanzo. Tunasubiri maelezo yako." Wageni ambao alikuwa amewashika mkono tangu siku ya kwanza wakapita mmoja mmoja kusema wamesikitika. Mmoja aliomba makala zake zote zikaguliwe upya, na wakaanza kuzikagua. Wakati huohuo wakaifungia ile namba ya nyumbani isiweze kuandika chochote, ila Mkunga Mstaafu wakamwachia nafasi ya kujibu kwa jina lake.

Mama aliyasoma yote. Kwa siku kadhaa aliyasoma yakiongezeka, amekaa wima mbele ya kompyuta, mikono mapajani.

"Wajibu, mama," mkwe wake alimwambia, amechutama karibu na kiti. "Waambie ulimwuliza nani."

"Niandike kwamba nilimwuliza mwanangu?"

"Ndiyo. Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Watauliza mwanangu ni nani, nami nitasema ni mwandishi wa gazeti lilelile. Watauliza, sasa mbona amekudanganya?" Akamtazama mkwewe. "Unalo jibu nikawape?"

Mkwe alibaki pale amechutama mpaka miguu ikafa ganzi.

Jioni alimkuta mumewe uani anatembea kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine.

"Hajala tena," alimwambia. "Na sikuja kukwambia ili uhuzunike, huzuni unayo ya kutosha. Nimekuja kukuuliza utafanya nini."

"Nitawaandikia mwenyewe."

"Lini?"

"Bosi akijua nimeandika—"

"Nimekuuliza lini, Baba Kipusa."

Aliingia ndani, akafungua ule ukurasa, akabonyeza mahali pa kuandika. Kukatokea maandishi mekundu: namba hii imefungiwa kwa sababu ya uharibifu. Alijaribu mara ya pili na ya tatu, kama mtu anayetikisa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mwishowe akatoka, akaenda kwenye duka la jirani wanapochapa barua na kutoa nakala, akasubiri mwanafunzi mmoja amalize kuchapa maombi ya kazi, akaketi.

Hapo aliandika kila kitu. Alisema yeye ndiye mwandishi wa ile ripoti, kwamba Mkunga Mstaafu ni mama yake, kwamba mama alimwuliza mezani naye akamdanganya, kwamba mama hakubuni kitu chochote maishani mwake. Ilikuwa habari nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na haikumchukua muda. Akaagiza maji, akangoja, hajui afanye nini na mikono yake.

Kalamu Kavu hakukawia. "Ndugu, ahsante kwa maelezo. Ila humu kila mtu anaweza kusema yeye ni nani. Juzi alikuja mmoja akasema ni waziri. Gazeti limechapisha kwamba mwenzetu alibuni chanzo, na kwetu gazeti ni chanzo kinachokubalika. Kama una chanzo kinachosema vinginevyo, tafadhali kilete."

Mwandishi alicheka peke yake mpaka mwenye duka akageuka kumtazama. Kisha akainamisha kichwa juu ya meza ile chafu ya kichapishi, na mwenye duka akaona haya, akajifanya anahesabu karatasi.

Bosi Mkasi alimsikiliza safari hii bila kupekua chochote.

"Unataka gazeti lijisahihishe kwa ajili ya sungura."

"Kwa ajili ya mama yangu."

"Siku ile nilipokuuliza chanzo kimetoka wapi, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukainua mabega."

"Ndiyo."

"Nami nikaandika 'amebuni', nikaliweka juu kabisa, na jina langu liko pale kama mhariri." Alivua miwani, akaiweka mezani. Kwa mara ya kwanza mwandishi aliona kwamba bila miwani yule mtu alikuwa na uso uliochoka, hata mpole. "Mimi ni mkali, najua. Lakini sijawahi kumchapa mtu kwa kosa nililojua hana. Wewe umenifanya nimchape mama wa watu. Tena wako."

"Nisamehe, bosi."

"Wewe andika hilo sahihisho. Andika fupi. Na kuanzia Jumatatu utahamia kule kwenye matangazo ya vifo na vitu vilivyopotea. Huko watu huja na karatasi zao, hutakuwa na haja ya kuinua mabega."

Sahihisho lilitoka kwenye ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la matangi ya maji. Lilisema kwamba mhariri wa kujitolea aliyetajwa hakubuni chanzo chochote, bali alipewa taarifa ya uongo na mwandishi wa gazeti hili, ambaye alimwamini. Bosi hakukata hata neno moja.

Mwandishi alilipiga picha, akaenda kulituma kutoka duka lilelile. Kesi ikafungwa siku hiyohiyo. Kalamu Kavu aliandika kwamba walikuwa wamemhukumu mwenzao kwa kufuata chanzo, jambo ambalo ni halali na pia ni aibu, na wanamwomba radhi. Wale wageni wakarudi mmoja mmoja, safari hii na maua ya kuchora. Namba ya nyumbani ikafunguliwa. Sungura akabaki na mwavuli wake, na mahali pa aliyemchora pakaandikwa kwamba hajulikani.

Mama alimkuta mwanawe sebuleni anafunga viatu.

"Nimeliona sahihisho," alisema. "Umefanya vizuri. Najua limekugharimu."

"Mama, mimi—"

"Yameisha, mwanangu. Nenda kazini."

Alimwambia kwa sauti yake ya kawaida, tena alimpigapiga begani. Mwandishi alitembea njia nzima mwepesi, akasahau hata kwamba anakwenda kuandika habari za watu waliopoteza vitambulisho. Alidhani kweli yameisha. Na kwa kiasi kikubwa nyumba ilirudi ilivyokuwa: mama anaandika, mama anacheka, mama anamsimulia Kipusa habari za mtu anayebisha kwamba nyanya si tunda.

Ila mezani hakuuliza tena. Ilimchukua mwandishi muda kugundua, kwa sababu kitu kisichokuwepo hakipigi kelele. Jioni moja mama alikuwa anatafuta mwaka ambao hospitali ya zamani ilihamishwa, na Kipusa akasema, "Bibi, si umwulize baba? Kwao kuna magazeti."

"Baba ana kazi nyingi," bibi alijibu. "Kesho nitakwenda maktaba mwenyewe. Nikanyooshe miguu." Akamwongezea mwanawe mboga, akamwuliza kama chumvi imetosha.

Alisema imetosha. Mama akaonja.

Alasiri moja simu ya mwandishi iliita akiwa anaingia getini. Alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike aliyekuwa mjamzito huko mji wa mbali wanakoishi, anaongea huku analia na kucheka. Mwandishi hakungoja hata kukata simu vizuri. Aliingia ndani na viatu, akapita sebuleni, akamkuta mama jikoni anachambua mchele karibu na dirisha.

"Mama! Amejifungua. Mtoto wa kike. Wote wazima, hakuna kupasuliwa wala nini."

Uso wa mama ulianza kufunguka, kisha ukasimama njiani.

"Nani kakwambia?"

"Shemeji. Amenipigia sasa hivi."

"Sawa." Aliuweka ungo chini pole pole mchele usimwagike. Akafuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani, akachukua simu yake juu ya kabati, akatafuta namba kwa kidole. Hakufanya hayo kwa kumkomoa. Alifanya kama mtu anayefunga mlango anapotoka, bila kufikiri, na mwandishi aliyaona yote kutoka pale alipokuwa amesimama.

Simu iliita kwa muda. Halafu ikapokelewa.

"Mwanangu," mama alisema. "Kaka yako ananiambia umejifungua."

Kutoka ndani ya simu kilisikika kilio chembamba, kikali, cha mtu ambaye ndiyo kwanza amefika. Hata mwandishi alikisikia. Hapo ndipo mama aliposhika ukingo wa dirisha, akacheka, machozi yakamtiririka chini ya miwani, akaanza kuuliza maswali ya kikunga yote kwa pamoja, kondo limetoka lote, damu je, ananyonya. Aliuliza mpaka akaridhika. Alipomaliza aliishikilia simu kifuani, akamgeukia mwanawe aliyekuwa bado amesimama mlangoni.

"Ni kweli," alimwambia. "Amejifungua."